Barua za mbunge Garfield baada ya vita: pensheni za wajane na sera za fedha katika mkoba mmoja

MsomajiWaNyaraka aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mada ya semina kuhusu Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, na nimechagua barua za James A. Garfield za miaka aliyokuwa mbunge. Wengi humkumbuka kama rais aliyepigwa risasi Julai 1881, kabla hata ya kutimiza miezi minne madarakani, ilhali sehemu kubwa ya maisha yake ya siasa ilipita katika Baraza la Wawakilishi, alikoliwakilisha jimbo la uchaguzi la 19 katika Ohio kuanzia Desemba 1863 hadi alipochaguliwa kuwa rais mwishoni mwa 1880.

Nilitarajia kukuta hoja kubwa za wakati ule: noti za karatasi zilizochapishwa ili kugharamia vita, kurejea kwenye sarafu ya dhahabu, ushuru wa forodha, na hatima ya Kusini iliyoshindwa. Hoja hizo zimo. Hata hivyo zimezungukwa pande zote na maombi ya mtu mmoja mmoja: mjane anayeuliza pensheni ya mumewe imekwama wapi, askari wa zamani anayedai malipo aliyoahidiwa alipojiandikisha jeshini, baba anayetaka mwanawe apewe kazi ya posta. Msimamizi wangu ameshauri nizitenge barua za maombi, niziite huduma kwa wapiga kura, kisha nijenge mada juu ya barua za sera peke yake.

Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini mjane wa kijijini amwandikie mbunge, wakati serikali ilikuwa na Ofisi ya Pensheni yenye makamishna na makarani wake? Pili, je, ushauri huo wa kutenga barua ni sahihi, au nitapoteza kitu?

KabatiLaKale alijibu:

Ndugu Msomaji, nimetumikia masijala kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaanza na swali la kwanza, ambalo kimsingi ni swali la jinsi faili linavyotembea.

Sheria ya pensheni ya tarehe 14 Julai 1862 ilikuwa ya ukarimu kwa vipimo vya karne ile, lakini ilikuwa na masharti mazito. Askari wa kawaida aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi kutokana na utumishi wake alistahili dola 8 kwa mwezi, na mjane wa askari aliyekufa kwa jeraha au ugonjwa wa vitani alistahili kiasi hicho hicho. Mwaka 1866 ziliongezwa dola 2 kwa kila mtoto aliyekuwa chini ya miaka 16. Ili azipate, mjane alitakiwa kuthibitisha kwamba aliolewa kihalali, kwamba watoto ni wa marehemu, na kwamba kifo kilitokana na utumishi na si na jambo jingine. Uthibitisho huo ulikuwa hati za kiapo: za mashahidi wa ndoa, za mkunga au jirani aliyekuwapo mtoto alipozaliwa, za daktari, na za ofisa wa kikosi au askari wenzake waliojua alivyougua au alivyojeruhiwa. Ofisi ya Pensheni nayo haikuamua kwa hati hizo peke yake. Iliandika Wizara ya Vita kuuliza kama orodha za kikosi zinalijua jina hilo, na ikaandika idara ya tabibu mkuu wa jeshi kuuliza kama daftari za hospitali zinaonyesha ugonjwa unaodaiwa.

Hapo ndipo faili lilipolala. Kama karani wa kambini alikosea herufi moja ya jina, au kama kikosi kilipoteza vitabu vyake katika mapigano, jibu lilirudi kwamba kumbukumbu hazionyeshi chochote, na mjane akaandikiwa alete ushahidi zaidi. Kwa wanaopenda habari za masijala, ukumbi wa maonyesho wa Ford's Theatre, ambamo Rais Lincoln alipigwa risasi, ulichukuliwa na serikali ukageuzwa kuwa mahali pa kutunzia kumbukumbu za tiba za jeshi, na humo ndimo makarani walimokuwa wakipekua daftari ili kujibu maswali ya pensheni. Juni 1893 sakafu za jengo hilo ziliporomoka na makarani 22 wakafa kazini.

Kwa hiyo mbunge hakuandikiwa ili atoe pensheni, kwa sababu hakuwa na mamlaka hayo. Aliandikiwa ili faili litolewe kabatini na kuwekwa juu ya meza. Barua yenye jina la mbunge ilipofika kwa kamishna, karani alilazimika kulitafuta dai hilo, kulisoma, na kueleza limefikia wapi. Mara nyingi maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa msaada wenyewe, kwa maana mjane alijua sasa ni hati gani iliyopungua.

Kwa Garfield liko jambo la ziada ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Kabla ya vita alikuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha Hiram, tena mhubiri katika makanisa ya eneo lile. Vita vilipoanza aliunda Kikosi cha 42 cha Ohio na kukiongoza akiwa kanali, na miongoni mwa askari wake walikuwamo vijana aliowafundisha darasani Hiram. Mwanamke aliyempoteza mumewe katika kikosi hicho hakuwa akimwandikia mgeni aliyeko Washington. Alimwandikia mwalimu wa mumewe na kamanda wa mumewe, ambaye sasa ni mbunge wake, na ambaye ushahidi wake wa kiapo kama ofisa ungeweza kuwa ndiyo hati iliyokosekana. Mtu akizisoma barua hizo kama maombi ya kawaida ya wapiga kura, uhusiano huo wote unamponyoka.

Kumbuka pia mazingira ya kazi. Jengo la kwanza la ofisi za wabunge halikufunguliwa hadi 1908. Katika miaka ya Garfield mbunge wa kawaida alikuwa na meza yake ndani ya ukumbi wa Baraza na chumba alichopanga mjini, wala hakulipiwa karani na serikali. Wenye karani ni wenyeviti wa kamati, na huyo alipaswa kuwa karani wa kamati. Hadi Julai 1873 aliruhusiwa kutuma barua kwa saini yake bila stempu, kisha haki hiyo ikafutwa. Ukiona jibu fupi lenye sentensi mbili, usidhani ni dharau.

MkaaziWaMoshi aliandika:

Nimesoma maelezo ya Mzee Kabati nikajikuta nawafikiria wabunge wetu, ambao simu zao hazinyamazi kwa ada za shule, michango ya misiba na wagonjwa wa rufaa. Naomba kuuliza bila kumkosea mtu adabu: je, huo haukuwa upendeleo uliovikwa joho la huruma? Mjane ambaye mbunge wake ni mvivu wa kuandika, au ni wa chama kisicho na nguvu, faili lake lilibaki kabatini.

WakiliMstaafu alijibu:

Ndugu Mkaazi, swali lako halina utovu wa adabu wowote, na Garfield mwenyewe alilalamikia upande mmoja wake. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1877 kuhusu miaka mia moja ya Bunge la Marekani, aliandika kwamba theluthi moja ya saa za kazi za maseneta na wabunge haitoshi kushughulikia madai wanayoletewa kuhusu uteuzi wa watu katika vyeo vya serikali. Alichokisema hapo ni kuhusu watafuta vyeo, si wajane, na tofauti hiyo ni kubwa. Mtafuta cheo alikuwa akiomba kitu ambacho sheria haikumpa haki nacho. Mjane alikuwa akidai kitu ambacho sheria ilikwisha kumpa, ila karatasi zikamzuia. (Garfield aliuawa na mtu aliyejiona amenyimwa cheo, na sheria ya 1883 ya ajira za serikali kwa mitihani ilipatikana katika hasira ya kifo hicho, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Sasa swali la pili la Ndugu Msomaji. Kwa heshima zote, siafikiani na msimamizi wako. Ukizitenga barua hizi, utakuwa umeikata sera kutoka mahali ilipozaliwa.

Angalia kinachotokea dai linapokataliwa kabisa. Ofisi ya Pensheni ilifungwa na maneno ya sheria, lakini Bunge halikufungwa. Mbunge aliweza kuwasilisha muswada unaomtaja mtu mmoja kwa jina, ukiagiza aingizwe katika orodha ya pensheni ingawa ofisi imemkataa. Miswada ya namna hiyo ilikuwapo michache mwanzoni, kisha ikawa mingi mno kiasi kwamba katika miaka ya 1880 Baraza lilitenga vikao vya Ijumaa usiku kwa ajili yake, na ilipitishwa mbele ya wabunge wachache waliokuwapo. Rais Grover Cleveland aliamua kuisoma mmoja mmoja, na katika muhula wake wa kwanza alitumia kura ya turufu kuikataa zaidi ya 200. Barua ya mjane, basi, iliweza kupanda kutoka meza ya karani hadi meza ya rais bila kubadilika sana maudhui yake.

Halafu ziangalie sheria za jumla. Mwaka 1872 Garfield alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Serikali, na alipokuwa akieleza bajeti aliliambia Baraza kwamba gharama za pensheni zilitarajiwa kupungua kuanzia hapo, isipokuwa kama sheria zitafanywa za ukarimu uliopita kiasi. Hesabu yake ilikuwa na mantiki: vita vimekwisha, wazee hufa, watoto wa marehemu hukua. Lakini mkoba wa barua ulikuwa ukisema jambo jingine. Ulikuwa umejaa watu waliochelewa kuomba, waliopoteza mashahidi, au ambao kifua kilichopata baridi kambini mwaka 1863 kilianza kuwaua mwaka 1875. Januari 1879 Rais Hayes alitia saini sheria ya malimbikizo, iliyoagiza kwamba pensheni za vita vile zilipwe kuanzia siku askari alipoachishwa jeshi au alipokufa, hata kama maombi yaliletwa miaka mingi baadaye. Anayeomba upya alipewa hadi mwisho wa Juni 1880. Maombi yakafurika. Mwaka 1890 Rais Harrison akatia saini sheria iliyompa pensheni askari yeyote wa Kaskazini aliyetumikia siku 90 na ambaye sasa hawezi kazi za mikono, hata kama ulemavu wake hauhusiani na vita. Kufikia 1893 orodha ilikuwa na watu wanaokaribia milioni moja, na gharama kwa mwaka ilizidi dola milioni 150, fungu ambalo hakuna wizara iliyolifikia.

Sisemi kwamba barua za wajane peke yake ndizo zilizoleta sheria hizo. Mawakala wa madai waliokula ada kwa kila faili walikuwa na magazeti yao, vyama vya askari wastaafu vilikuwa na kura zao, na wenye viwanda walifurahia kuona ushuru mkubwa wa forodha ukipata pa kutumika. Ninachosema ni kwamba mbunge aliyepiga kura mwaka 1879 alikuwa amekwisha kujibu barua za aina hiyo kwa miaka 14, na mapungufu ya sheria ya 1862 aliyajua kwa majina ya watu.

Naongeza mfano mmoja unaomhusu Garfield moja kwa moja. Machi 1873 Bunge lilijiongezea mshahara kutoka dola 5,000 hadi 7,500 kwa mwaka, na likaamua nyongeza hiyo ihesabiwe kuanzia miaka miwili iliyotangulia, yaani kila mbunge apokee dola 5,000 kwa mkupuo. Nyongeza hiyo ilipachikwa kwenye muswada mkubwa wa matumizi ambao Garfield, kwa cheo chake, ndiye aliyeusimamia. Yeye aliipinga kwanza, kisha akaupigia kura muswada wote ili serikali isikose fedha. Wapiga kura wake walimjia juu, na mkutano wa chama chake katika jimbo lake ukamtaka ajiuzulu. Ilimbidi arudishe fedha hizo Hazina na kuchapisha kijitabu cha kujieleza. Fanya hesabu kama ambavyo wao walivyoweza kuifanya: dola 5,000 ni pensheni ya mjane ya dola 8 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka 52. Unapokuta katika barua za 1873 hasira ya kisiasa na ombi la pensheni katika bahasha za wiki moja, usiziweke katika majalada mawili. Na kwa maoni yangu, miaka ile ya kuyafuatilia mafaili ya majirani ni miongoni mwa mambo yaliyomrudisha bungeni katika uchaguzi wa 1874, ambao chama chake kilishindwa vibaya nchini kote.

BintiPangani aliandika:

Mchango wa Wakili ni mzuri, ila mkoba wa mbunge mmoja wa Ohio unaonyesha wale waliokuwa na mbunge. Ningependa mada ya Ndugu Msomaji iwe na angalau ukurasa mmoja kuhusu wengine.

Mjane wa askari Mweusi aliyekuwa mtumwa hakuwa na cheti cha ndoa, kwa sababu sheria za majimbo ya utumwa hazikuitambua ndoa yake. Jambo hili lilifikishwa kwa mbunge kwa barua mashuhuri. Baada ya mauaji ya Aprili 1864 katika ngome ya Fort Pillow, ambako askari wa Kusini waliwaua askari Weusi wengi wa Kaskazini, Mary Booth, mjane wa meja Mzungu aliyeongoza askari Weusi pale, alikwenda kumwona Lincoln. Tarehe 19 Mei Lincoln alimwandikia Seneta Charles Sumner wa Massachusetts, akimtaka amsikilize mama huyo, na akiunga mkono hoja yake kwamba wajane na watoto wa askari Weusi watendewe kana kwamba ndoa zao zilikuwa za kisheria. Julai ya mwaka ule Bunge likakubali ushahidi wa watu waliowajua wawili hao kama mume na mke, na mwaka 1866 masharti yakalegezwa zaidi. Huu ni mfano wa wazi zaidi, kuliko yote aliyoyataja Wakili, wa shida ya mtu kugeuka kifungu cha sheria, na haukupitia kwa mbunge wa jimbo la mjane. Ulipitia kwa seneta aliyejulikana kuwa atasikiliza.

Baadaye mzigo wa namna hiyo ulimwangukia Blanche K. Bruce wa Mississippi, aliyezaliwa mtumwa Virginia mwaka 1841 na kuingia Seneti mwaka 1875. Hadi alipoondoka mwaka 1881 hakukuwa na seneta mwingine Mweusi, kwa hiyo watu wa majimbo mengine walimwandikia kama seneta wao. Suala kubwa lilikuwa Benki ya Akiba ya Watu Huru, iliyoanzishwa Machi 1865 na kufungwa katikati ya 1874 ikiwa na akiba ya watu wapatao 61,000, karibu dola milioni 3, nyingi zikiwa za wafuaji, vibarua na askari wa zamani walioamini kwamba serikali imeidhamini. Bruce aliongoza kamati ya Seneti iliyochunguza mabaki ya benki hiyo kuanzia 1879, na alitaka wenye akiba wafidiwe. Bunge halikuwafidia, waliobahatika walipata, kwa mafungu ya miaka mingi, asilimia 62 ya fedha zao. Hapa barua zilikuwa nyingi na mbunge alikuwa na bidii, na bado sera haikuzaliwa. Mada inayosema barua huleta sheria ieleze pia kwa nini hizi hazikuleta.

Upande mwingine kabisa walikuwapo maofisa wa Kusini walioasi. Marekebisho ya 14 ya Katiba yaliwazuia wengi wao kushika vyeo hadi theluthi mbili za kila baraza ziwasamehe, nao wakaandika kuomba majina yao yaingizwe katika miswada ya msamaha, mpaka sheria ya Mei 1872 ilipowasamehe karibu wote kwa pamoja. Pensheni ya serikali kuu askari wao hawakuipata. Majimbo ya Kusini yaliwalipa yenyewe, tena kidogo.

MsomajiWaNyaraka alijibu:

Nawashukuru wote, na nimeelewa kwamba sitatenga. Swali la Bi Pangani kuhusu barua ambazo hazikuzaa sheria linanisumbua, na nadhani jibu lake limo katika kura: mwaka 1879 askari wa Kaskazini walikuwa wapiga kura wanaogombewa na vyama vyote viwili, ilhali wenye akiba katika ile benki walikuwa wakinyang'anywa kura zao Kusini mwaka hadi mwaka. Limebaki swali la vitendo. Barua nyingi ni zile alizopokea, na mara nyingi sijui kama mwombaji alifanikiwa. Nifanyeje?

KabatiLaKale alijibu:

Usiutafute mwisho wa habari katika karatasi za mbunge. Wabunge wa enzi ile walipotaka kubaki na nakala ya jibu waliligandamiza kwenye karatasi nyepesi yenye unyevu katika kitabu cha nakala, na maandishi hayo mara nyingi yamefifia au hayamo kabisa. Mwisho uko katika faili la pensheni lenyewe, ambalo limehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani kule Washington, likiwa na namba ya dai na, kama dai lilikubaliwa, namba ya cheti. Ndani yake utakuta hati za kiapo, majibu ya Wizara ya Vita, tarehe malipo yalipoanza, na wakati mwingine barua ya mbunge ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Chagua barua chache ambazo jina la askari, kampuni na kikosi vinasomeka bila shaka. Anza na za Kikosi cha 42, kwa kuwa huko unaweza kukuta kiapo cha Garfield mwenyewe. Kisha linganisha tarehe tatu: ya barua ya mwombaji, ya muhuri wa Ofisi ya Pensheni, na ya uamuzi. Chukua pia mafaili ya wajane wa kikosi hicho hicho ambao hawakumwandikia, ukipime kipindi walichosubiri. Hapo utaweza kumjibu Ndugu Mkaazi kama palikuwa na upendeleo, tena kwa miezi na siku.

Angalizo moja: mjane aliyeolewa tena aliipoteza pensheni, na dai lingeweza kuendelea kwa jina la watoto chini ya mlezi. Ukikosa jina lake katika fahirisi, tafuta la mtoto mdogo kuliko wote kabla hujaandika kwamba alikataliwa.